Simu Ni Yako, Sheria Imeandikwa Strasbourg

Mwaka jana binamu yangu alipata kazi ya kulike video. Unaijua hiyo kazi. Namba ngeni inakuandikia WhatsApp, picha ya profaili ni mdada amevaa suti, anakuambia kila video ukilike unalipwa shilingi 50. Siku ya kwanza kweli wanakutumia mia tatu. Siku ya tatu wanakuambia uweke kitu kidogo ndio ufunguliwe kiwango cha juu. Binamu aliweka 5,000, ikarudi 6,500. Akaweka 40,000, pesa ya fisi ya muhula. Anangoja hadi wa leo.

Nilimsindikiza kituo cha polisi. Afisa aliyetuhudumia hakuwa mtu mbaya. Aliandika OB vizuri, akaitazama ile namba, akaona haianzi na 254, akaweka kalamu chini na kutuuliza, "Sasa huyu nikamshikie wapi?"

Tulitoka tukicheka kwa uchungu. Lakini nimelibeba hilo swali mwaka mzima na sasa naamini ndilo swali la maana zaidi ambalo mtu wa serikali amewahi kuniuliza. Mwizi yuko nje, seva iko kwingine, pesa imepitia nchi tatu, na mwenye kuibiwa yuko Kayole na karatasi ya OB mkononi. Nani anaunganisha hizo nchi? Nani aliandika kanuni za kuziunganisha? Na akiziandika, aliandika akikufikiria wewe?

Jibu liko kwenye mada ambayo najua utataka kuiruka: mashirika ya kikanda. Umoja wa Afrika. Jumuiya ya Afrika Mashariki. Najua. Ukisikia AU unaona wazee wamepiga picha ya pamoja mbele ya bendera, kidole kinaskrol chenyewe. Nipe dakika kumi tu, kwa sababu wakati sisi tunaskrol kuna watu wanaamua nani anaweza kuomba jumbe zako, na kwa kosa gani.

Kumbuka Julai 2023. eCitizen ilianguka. Siku kadhaa watu hawakuweza kuomba pasipoti, leseni wala viza, na huduma za kutuma pesa nazo zikasumbua. Kikundi kinachojiita Anonymous Sudan kilijitokeza kikasema ni sisi. Serikali ikakubali kwamba kulikuwa na shambulizi. Sawa. Unajua hiyo kesi iliishia wapi? Oktoba 2024 ndugu wawili raia wa Sudan walifunguliwa mashtaka ya kuendesha hicho kikundi, na walishtakiwa California. Wasudan waliodaiwa kutuzimia huduma za serikali yetu, nchi ambayo ni jirani wa jirani yetu, wakashtakiwa Marekani kwa sababu Wamarekani nao walishambuliwa na Wamarekani ndio wenye mkono mrefu. Sisi tulibaki na skrinishoti.

Sasa huo mkono mrefu hauangukii mtu kutoka mbinguni. Unatengenezwa kwa mikataba. Na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo, hata wale wenye uzi mrefu kule X.

Mkataba mkubwa wa kwanza duniani wa uhalifu wa mtandao ni ule wa Budapest. Ulifunguliwa kusainiwa Novemba 23, 2001, ukaanza kufanya kazi Julai 1, 2004. Marekani imo, Japan imo, Australia imo. Kwa Afrika wamo Mauritius, Senegal, Morocco, Cabo Verde, Ghana, Nigeria na wengine. Kila nchi mwanachama lazima iwe na ofisi inayopokea simu saa 24, siku 7, ili polisi wa huku akihitaji ushahidi usifutwe kwenye seva ya kule, kuna mtu wa kuamka usiku. Ile namba isiyoanza na 254 ndiyo kazi yake.

Mkataba huu haukuandikwa na Umoja wa Mataifa. Uliandikwa na Baraza la Ulaya, lenye makao Strasbourg, Ufaransa. Shirika la kikanda! Kwa hivyo wewe unayeniambia kwenye komenti kwamba mashirika ya kikanda ni vilabu vya chai, nakuuliza: vipi kilabu cha chai cha Ulaya kiliandika sheria ambayo polisi wa Nairobi wanaitumia leo kupekua simu yako?

Ndiyo, wanaitumia. Fungua Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018. Nenda vifungu vya 48 hadi 53. Kupekua na kuchukua kompyuta, kulazimisha kampuni itoe data, kuagiza data ihifadhiwe haraka isipotee, kukusanya taarifa za mawasiliano yakiendelea, kunasa maudhui yenyewe. Kisha soma vifungu vya 16 hadi 21 vya Budapest. Utadhani mwanafunzi amenakili kazi ya jirani akabadilisha jina tu. Na sisemi ni vibaya kunakili. Zana za uchunguzi ni zana, na bila hizo hata kesi ya binamu yangu haianzi.

Shida yangu ni tulichoacha kunakili. Strasbourg ile ile iliyotoa mkataba wa kuwapa polisi nguvu ndiyo yenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Ni shirika moja, mji mmoja. Polisi wa kule akikuchimba simu kinyume cha haki na mahakama za nchi yako zikakunyima, unapanda juu. Wazungu walijipa kisu na ala yake. Sisi tuliagiza kisu peke yake.

Halafu tukaongeza vya kwetu. Kifungu cha 22 cha sheria yetu, kuchapisha taarifa za uongo: faini hadi milioni 5 au miaka 2. Kifungu cha 23, ukichapisha uongo unaoleta taharuki au unaoweza kuchafua jina la mtu: milioni 5 au miaka 10. Miaka kumi, msee. Kwa posti. Hiyo haimo Budapest popote, usije ukadanganywa kwamba ni "viwango vya kimataifa". Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbia kortini na Mei 2018 Jaji Chacha Mwita akasimamisha vifungu 26. Februari 2020 Jaji James Makau akavirudisha vyote. Na tukaendelea kuishi navyo.

Tukaishi navyo hadi 2025, mwaka ambao sitausahau. Mei, msanidi programu mmoja alikamatwa kwa kutengeneza tovuti ya kumsaidia mwananchi kutuma barua pepe bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Barua pepe! Kwenda bungeni! Akashtakiwa kwa sheria hii ya kompyuta, na Juni korti ikasema hakuna kosa hapo, nenda nyumbani. Mwezi huo huo wa Juni mwalimu kijana aliyefuatwa Homa Bay kwa sababu ya posti kuhusu mkubwa wa polisi alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Sitaandika zaidi kuhusu hilo, bado liko kortini na bado linauma.

Kisha Oktoba 15, siku nchi nzima ilikuwa imeinama kwa kifo cha Raila, Rais akatia saini marekebisho ya sheria hiyo hiyo. Sasa kamati ya serikali inaweza kuagiza tovuti au programu ifungwe ikionekana inaendeleza uhalifu, na kifungu cha 27 cha unyanyasaji mtandaoni, chenye adhabu hadi milioni 20 au miaka 10, kikapanuliwa. Wiki moja baadaye, Oktoba 22, Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya hicho kifungu cha 27. Tukapumua. Tukaweka emoji za kucheza.

Siku tatu baada ya kupumua, Oktoba 25, huko Hanoi, Vietnam, zaidi ya nchi 60 zilikuwa zinasaini Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Uhalifu wa Mtandao. Hapa kwetu haikutrendi hata dakika tano. Mimi mwenyewe nilikuwa nakata klipu ya mtu aliyeanguka harusini, kwa hivyo sijitoi.

Hebu tuiangalie Hanoi basi, maana hii ndiyo itakayotufuata. Azimio la kuanzisha mazungumzo lilipita Desemba 2019 likisukumwa na Urusi. Baraza Kuu likaupitisha mkataba Desemba 24, 2024, mkesha wa Krismasi, wakati watu wako kwenye matatu za kwenda ushago. Utaanza kufanya kazi siku 90 baada ya nchi 40 kuuridhia. Una mambo mazuri: unagusa ulaghai, picha za watoto, na kusambaza picha za utupu za mtu bila ridhaa yake, kitu ambacho mabinti wengi humu wanakijua kwa machozi. Lakini una kipengele kimoja. Nchi zinatakiwa kusaidiana kukusanya ushahidi wa kielektroniki kwa makosa yaliyotajwa humo, na pia kwa "uhalifu mzito" wowote ule. Uhalifu mzito ni nini? Ni kosa lolote ambalo kilele cha adhabu yake ni kifungo cha miaka 4 au zaidi.

Miaka minne. Kifungu chetu cha 23 kina kumi. Fanya hesabu mwenyewe.

Posti yako kuhusu mheshimiwa inakuwa, kwa karatasi, uhalifu mzito wa kimataifa sawa na wizi wa benki. Ukiwa umetoroka au akaunti yako inahifadhiwa nchi nyingine, Kenya inaweza kuiandikia hiyo nchi ikaomba data yako. Niseme ukweli wote, maana sitaki mwanasheria mmoja aje kunichapa kwenye komenti: mkataba unaruhusu nchi inayoombwa ikatae kama kwao hilo si kosa, au kama inaona mtu anaandamwa kwa msimamo wake wa kisiasa. Ndiyo, inaruhusu. Kwa hivyo Ujerumani itakataa. Na jirani je? Tanzania ina kifungu chake cha 16 cha taarifa za uongo, katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Uganda ilikuwa na kifungu cha 25 cha "mawasiliano ya kuudhi" mpaka Mahakama ya Katiba ikakifuta Januari 2023, na bunge lao lilikuwa limeshapitisha marekebisho mengine makali 2022. Hawa ndio watakaoombwa. Watakataa kwa msingi gani, kama kwao pia ni kosa? Kinga inayofanya kazi Berlin haifanyi kazi Namanga.

Ndiyo maana nasema vita yetu haiko New York wala Hanoi peke yake. Iko hapa katikati, baina ya majirani. Na hapa katikati ndipo Afrika imelala fofofo.

Au tuseme imelala ikiwa imevaa viatu. Kwa sababu mkataba wetu tunao. Unaitwa Malabo, ulipitishwa na Umoja wa Afrika Juni 27, 2014, Guinea ya Ikweta. Na kwa jambo moja uliizidi Budapest: unaweka usalama wa mtandao, uhalifu na ulinzi wa data binafsi kwenye karatasi moja. Yaani waandishi walielewa kwamba huwezi kumpa polisi ufunguo wa data bila kusema mwenye data ana haki gani. Ulihitaji nchi 15 tu kati ya 55 ili uanze. Kumi na tano! Kundi la WhatsApp la harusi linapata watu 15 wa kuchanga kwa jioni moja. Afrika ilichukua miaka tisa. Mauritania ilikuwa ya kumi na tano, Mei 2023, na mkataba ukaanza Juni 8, 2023.

Kenya haikuwa kati ya hizo 15. Silicon Savannah, wenyeji wa ofisi za Umoja wa Mataifa Gigiri, nchi ya M-Pesa. Rwanda ilikuwamo. Togo ilikuwamo. Niger ilikuwamo. Sisi tulikuwa tunafanya mkutano wa ubunifu kwenye hoteli.

Na si kwamba hatuna watu wanaojua haya mambo. Kenya imekaa kwenye vile vikundi vya wataalamu wa serikali vya Umoja wa Mataifa vya kujadili tabia za nchi mtandaoni, kile cha 2014 na 2015, cha 2016 na 2017, na cha 2019 hadi 2021 chenye nchi 25 pekee. Tunajua kuketi meza kubwa. Tunachokwepa ni meza ya nyumbani, kwa sababu ya nyumbani ndiyo inayokuuliza maswali kuhusu raia wako.

Sitawapaka Malabo mafuta. Ina matobo. Kwenye ushirikiano wa kesi ni nyepesi: inasema nchi zisaidiane, ila haina zile hatua za kina na mtandao wa saa 24 kama Budapest. Ina vifungu vya matusi mtandaoni ambavyo serikali yenye nia mbaya inaweza kuvivuta kama chingamu. Na miaka tisa ya kungoja imeuzeesha. Ulipoandikwa 2014 hakuna aliyekuwa akitengenezewa video bandia na sauti ya mama yake ikiomba pesa. Urekebishwe. Lakini huwezi kurekebisha nyumba ambayo umekataa kuingia. Mwenye kusaini ndiye anayeketi kwenye kikao cha marekebisho. Wengine tutasoma matokeo kwenye magazeti.

Kuna rafiki yangu, tumegombana naye juu ya hii posti kabla sijaiandika, ana hoja ambayo sitaidharau. Anasema: "Achana na AU. Ofisi yao yenyewe ilidukuliwa. Kenya ijiunge Budapest tu, hiyo inafanya kazi." Kuhusu ofisi, anarejelea ile habari ya Le Monde ya Januari 2018. Gazeti liliripoti kwamba data kutoka jengo la AU Addis Ababa, jengo lililojengwa kwa pesa za China na kufunguliwa 2012, ilikuwa ikitumwa Shanghai kila usiku kati ya saa sita na saa nane kwa miaka mitano. China ilikana. Viongozi wa AU nao wakapuuza. Ukweli wowote uwe upi, hebu fikiria tu aibu ya shirika la nchi 55 kushindwa kuwaambia watu wake kwa uwazi nini kilitokea ndani ya seva zake.

Ila ona, hiyo hoja inageuka dhidi yake. Kama shirika la nchi 55 linaweza kushukiwa kuchotwa data usiku kucha na lisiseme kitu, nchi moja itasema nini? Nani atampigia simu Beijing au Washington, Kenya peke yake? AU ikiamua kuongea inaweza. Januari 2024 Baraza la Amani na Usalama la AU lilipitisha msimamo wa pamoja wa Afrika juu ya jinsi sheria za kimataifa zinavyotumika mtandaoni. Nchi 55, karatasi moja. Hakuna bara lingine lililokuwa na kitu cha upana huo. Kwa hivyo uwezo upo. Tunachokosa ni watu wa kuwasumbua, na kazi ya kusumbua, samahani, ni yetu.

Na kuhusu Budapest, mimi siipingi. Kenya ijiunge, nitapiga makofi, huenda afisa wetu akapata namba ya kupiga. Lakini Budapest ikija bila ala, ni kisu kingine.

Sasa nije kwa sehemu inayonipa moyo, maana sikuja kulia tu. Nenda Afrika Magharibi. Wenzetu wa Nigeria walikuwa na kifungu cha 24 cha Sheria yao ya Uhalifu wa Mtandao ya 2015: ukituma ujumbe "wa kuudhi", hadi miaka 3 ndani. Kilikamata waandishi na wanablogu kama wavu wa omena. Wakaenda mahakama za nyumbani wakagonga mwamba. Ndipo wakaenda Mahakama ya ECOWAS, mahakama ya shirika lao la kikanda. Julai 2020 ikasema kifungu kinavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Machi 2022, kwenye kesi ya SERAP, ikasema tena. Februari 2024 Nigeria ikakifanyia marekebisho. Mahakama hiyo hiyo Juni 2020 iliiambia Togo kwamba kuzima intaneti wakati wa maandamano ya 2017 kulikuwa kinyume cha sheria. Na Julai 2022 iliiambia Nigeria kwamba kuifungia Twitter miezi saba kulikuwa haramu.

Imemaliza shida? La. Waandishi wa Nigeria bado wanakamatwa kwa sheria iliyorekebishwa. Lakini serikali iliyotingisha bara zima kwa ubabe ililazimika kufungua kitabu na kubadilisha maneno, kwa sababu majaji wa kikanda walisema hapana. Hilo si jambo dogo.

Na sisi? Sisi tuna Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Iko Arusha, basi la usiku kutoka Nairobi unaamkia huko. Mkaaji yeyote wa nchi mwanachama anaweza kupeleka kesi moja kwa moja. Huhitaji kumaliza kwanza korti zote za nyumbani, jambo ambalo hata Strasbourg haikupi. Hapo hapo Arusha kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ila ile wewe Mkenya huwezi kwenda peke yako kwa sababu Kenya haijatoa tamko la kuruhusu raia wake. Hii ya Jumuiya iko wazi. Machi 2019 iliiambia Tanzania kwamba sehemu za Sheria yake ya Huduma za Vyombo vya Habari zinavunja Mkataba wa Jumuiya. Kwa hivyo meno inayo.

Kuna mtego mmoja, na huu ushikilie: una miezi miwili tu. Kutoka siku sheria inapitishwa au jambo linapotendeka, au siku ulipojua, ni miezi miwili, basi. Mahakama hiyo imeshatupa kesi nzuri kwa sababu watu walichelewa. Marekebisho yetu yalisainiwa Oktoba 15. Hesabu.  Wanaharakati walienda Mahakama Kuu, na wamefanya kazi safi, lakini mlango wa Arusha nao mwisho wake ni katikati ya Desemba 2025, wakati watu wanapanga Krismasi tena.

Kabla ya kupanga Krismasi, nataka vitu vitatu na nitavisema hadi mnichoke. Bunge lisiridhie mkataba wa Hanoi kabla kifungu cha 22 na cha 23 hakijaondolewa, si kurekebishwa koma, kuondolewa. Kenya iingie Malabo na iketi kwenye meza ya kuurekebisha. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ilipitisha mwongozo wa pamoja wa sheria za mtandao mwaka 2010, kabla wengi wenu hamjamiliki simu, ieleze ule mwongozo ulienda wapi, maana kila nchi ilienda kivyake: Uganda 2011, Tanzania 2015, sisi na Rwanda 2018. Matokeo yake ni mipaka ambayo mwizi anavuka kwa sekunde na haki inaombewa viza.

Kuna atakayesema polisi wa Afrika wameshaungana, na ni kweli. Kati ya Septemba na Oktoba 2024, Interpol na AFRIPOL, chombo cha polisi cha AU, walifanya Operesheni Serengeti katika nchi 19 za Afrika. Watu 1,006 wakakamatwa. Kenya ilikuwamo, kulikuwa na kesi ya ulaghai wa kadi za benki wa dola milioni 8.6, pesa zikapelekwa Falme za Kiarabu, Nigeria na China. Mwaka 2025 wakarudia, 1,209 wakakamatwa. Safi sana. Nataka mwizi wa binamu yangu awe kwenye orodha ya tatu. Lakini ona nani ameungana: polisi na polisi. Wamefika mbele, wana jina la operesheni na picha za pamoja. Upande wa raia hatujaungana hata kwa hashitegi. Mganda akifungiwa intaneti wakati wa uchaguzi, kama Januari 2021, sisi tunatuma memu. Mtanzania akizimiwa siku ya kura, kama Oktoba 29, 2025, tunamwambia pole jirani, washa VPN. Siku yetu ikifika watatuambia pole pia.

Nimewasiliana na wanafunzi wawili wa sheria wanaosoma hapa Nairobi, wamekubali kunieleza wiki ijayo laivu jinsi shauri linavyopelekwa Arusha, karatasi gani, gharama gani, nani anaweza kukusimamia bure. Jumatano saa mbili usiku. Leteni maswali ya kweli, si "msee uko wapi siku hizi".

Binamu naye nimemwambia aje na ile karatasi ya OB. Amesema atakuja, ila ameniuliza kama huko Arusha wanaweza kumrudishia 40,000 zake. Nimemwambia hapana, hawawezi. Amenyamaza kidogo, akasema atakuja tu.